Miaka yote nilijua mimi ni yule Debora wa vitani

Kwenye cheti naitwa Debora. Kwa bibi yangu mzaa baba nilikuwa Debola, maana Kinyamwezi cha kwetu r haina nafasi, na mpaka anafariki hakuna mtu aliyewahi kumrekebisha na mimi nisingekubali arekebishwe. Naandika haya kwa sababu mdogo wangu kajifungua mtoto wa kike na kwenye grupu la familia watu wakaanza kurusha majina, kila mtu na maana yake aliyoitoa kwenye simu, hili maana yake neema, hili nyota, hili binti wa mfalme, alafu mtu mmoja akaandika "msimpe Debora, Debora maana yake ni nyuki tu". Hiyo "tu" ndo imenikalisha chini. Nimeishi na hili jina tangu 1979 na hiyo "tu" siikubali, ila pia kile nilichokuwa nakiamini mimi mwenyewe kuhusu jina langu kwa miaka 40 nacho hakikuwa chenyewe, kwahiyo acha nieleze kuanzia mwanzo.

Kwetu ni upande wa Sikonge, kusini ya Tabora mjini, kwenye miombo. Babu alikuwa mrina asali. Alikuwa na mizinga ya magome na ya magogo, mingi, imening'inizwa juu ya miti huko porini mbali, na msimu ukifika wanaume wanaondoka na unga wao na chumvi wanakaa kambini wiki kadhaa, wanarudi wananuka moshi na mikono imevimba. Wanawake hawakwenda, ilikuwa kazi ya kiume kabisa enzi hizo. Sasa siku ya ubatizo wangu mchungaji akaeleza kwamba Debora kwa Kiebrania ni nyuki, na babu, ambaye kanisani alikuwa anakaa nyuma kabisa na haongei, akasema kwa sauti watu wote wakasikia, "basi huyu ni wangu". Hiyo nimesimuliwa mara nyingi sana, kwahiyo kwangu jina na asali vilikuja pamoja tangu nina masikio.

Baba naye alikuwa na yake. Alikuwa analima tumbaku na Jumapili anafundisha watoto kanisani, na kila asubuhi alikuwa ananiamsha na mstari mmoja, Waamuzi sura ya 5 mstari wa 12, "Amka, amka, Debora". Kila asubuhi. Nimelala hosteli miaka minne na nilikuwa naamka saa hiyohiyo nikiwa namsikia kichwani.

Na kwenye Sunday school tulipofika kwenye ile vita, mwalimu akasema Debora na Baraka walikusanya jeshi Mlima Tabori, sisi watoto wote tukajua ni hapa hapa kwetu. Tabori, Tabora, tena mhusika anaitwa Debora na mimi nimekaa pale mbele, yani ilikuwa wazi kabisa. Nilikuja kujua baadaye kwamba wazee wanasema Tabora imetokana na matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa vikakatwa vikaanikwa, na Tabori uko Galilaya. Lakini picha ile haikunitoka, kwamba vita ya jina langu ilipiganwa nyuma ya shamba letu.

Sekondari ndo nikaanza kulichukia. Kulikuwa na kijitabu cha majina na maana zake kinazunguka bwenini, kila msichana anatafuta lake, wenye Neema wanafurahi, Hana naye ni neema, Naomi ni mtamu na mwenye kupendeza, mimi ni mdudu. Kuna mwalimu mmoja alilidaka hilo akawa kila nikinyoosha mkono darasani anasema "haya, nyuki anataka kuuma". Darasa linacheka. Nilikuwa nina miaka 15 na kwa umri ule ni kitu kinaingia ndani sana, nikawa naandika jina langu D. tu kwenye madaftari.

Kilichoniokoa wakati ule ni kwenda kumsoma vizuri huyo Debora wa Waamuzi. Maana ukimsoma kweli kweli huwezi kubaki vilevile. Sura ya 4 inasema alikuwa nabii na ndiye mwamuzi wa Israeli wakati ule, anakaa chini ya mtende uliokuja kuitwa kwa jina lake, kati ya Rama na Betheli, watu wanampandia mlimani na kesi zao. Hakuna mwamuzi mwingine kwenye kitabu kile unayemwona amekaa anasikiliza kesi hivyo, wengi wao unawakuta vitani tu. Alafu kuna Yabini mfalme wa Hazori, na jemadari wake Sisera ana magari ya chuma 900, amewaonea watu miaka 20. Debora anamwita Baraka anamwambia chukua watu 10,000 wa Naftali na Zabuloni nenda Tabori. Baraka anamjibu usipoenda na mimi siendi. Mwanaume mzima, jemadari! Na Debora anasema nitaenda, ila heshima ya safari hii haitakuwa yako, Bwana atamuuza Sisera mkononi mwa mwanamke. Ikawa hivyo, Sisera akafia hemani mwa mwanamke mmoja anaitwa Yaeli. Na nchi ikastarehe miaka 40.

Nililishika hilo kama fimbo. Nikawa kiranja, baadaye katibu kwenye chama chetu cha ushirika, na kwenye vikao nikiona wazee wanazungusha mambo nasimama nasema. Nikishinda hoja najisemea moyoni, mimi Debora. Ilinisaidia, sitasema haikunisaidia. Lakini ilinifanya mkali pia, na ukali wenyewe haukubaki kwenye vikao, ulikuja mpaka nyumbani. Nitafika huko.

Nikiwa na miaka 30 na kitu nimeshahamia Dodoma, kwenye usharika wetu kulikuwa na mchungaji mstaafu aliyesoma Kiebrania, jioni za Jumatano anafundisha watu sita saba tuliokuwa na hamu. Huyu mzee ndo aliyenifungulia jina. Alituambia Kiebrania cha zamani kiliandikwa konsonanti tu, na mzizi mara nyingi ni herufi tatu. Akaandika ubaoni daleti, beti, reshi. D-b-r. Akasema ukisoma davar ni neno, au jambo. Ukisoma midbar ni jangwa. Ukisoma dever ni tauni. Na ukiongezea mwisho wa kike unapata dvora, nyuki. Wataalamu wengine wanasema neno na nyuki ni ndugu kweli, wengine wanasema zimefanana herufi tu, lakini akasema angalieni mshairi aliyetunga ule wimbo wa sura ya 5 alivyocheza nazo. Akausoma ule mstari wa baba yangu kwa Kiebrania chenyewe. Uri, uri, Dvora, uri, uri, dabri shir. Amka, amka, Debora, amka, amka, sema wimbo. Dvora, dabri. Herufi zilezile. Nilikaa pale kwenye benchi nikamkumbuka baba na taa yake ya chemli saa kumi na moja alfajiri, machozi yakanitoka na sikujali nani ananiona.

Huo wimbo, mzee alisema, wasomi wengi wanauhesabu kati ya mashairi ya kale kabisa ndani ya Biblia nzima. Na humo ndani Debora anajiita mama katika Israeli. Mwanamke ambaye hatuambiwi popote kama alikuwa na mtoto.

Tulikaa kwenye majina ya hadithi ile jioni mbili. Lapidothi, anayetajwa kama mume wake, ni mienge kwa Kiebrania, kwahiyo wengine wanasoma "mke wa Lapidothi" kama "mwanamke wa mienge", na marabi wa zamani wakasema alikuwa anatengeneza tambi za taa za patakatifu. Baraka nayo, sisi Waswahili tukiiona kwenye Biblia yetu tunajua ni baraka ya kubarikiwa, kumbe siyo, ile ni baraq, umeme wa mvua, Waarabu nao wanasema barq. Yaeli ni mbuzi wa milimani. Kwahiyo vita nzima ile ni ya nyuki, umeme na mbuzi mwitu dhidi ya vyuma. Na majina ya wanyama kwao ni kawaida kabisa, Raheli ni kondoo jike, Sipora ni ndege, Yona ni njiwa, hakuna aliyeona ni tusi. Sisi pia kwetu mtoto akizaliwa kwenye mvua anaitwa Mbula, mapacha ni Kulwa na Doto na anayewafuata ni Shija, hakuna mtu anauliza "Shija ina maana nzuri?". Jina linasema ulikujaje, mengine utayafanya mwenyewe.

Ila kuna kitu kwenye Talmudi, ule mkusanyiko wa mafundisho ya marabi wa zamani, kiliniuma. Kwenye kitabu cha Megila wameorodhesha manabii wanawake 7, Sara, Miriamu, Debora, Hana, Abigaili, Hulda na Esta, vizuri kabisa, alafu karibu na hapo rabi mmoja, Rav Nachman, anasema majivuno hayawafai wanawake, kulikuwa na wawili wenye majivuno na majina yao yanachukiza, mmoja nyigu na mmoja kicheche, yani Debora na Hulda. Kosa la Debora? Alimwita Baraka badala ya kumfuata yeye. Nilivyosikia vile nikamwona yule mwalimu wa sekondari amesimama mbele yangu. Miaka elfu na zaidi imepita, nchi nyingine, lugha nyingine, na kejeli ni ileile, mwanamke akisema neno anaambiwa anauma. Na bado, na hili mzee alilisisitiza, hao hao Wayahudi kila mwaka Sabato wanayosoma wimbo wa Musa pale baharini, wanasoma na wimbo wa Debora pamoja. Na wanawapa mabinti zao jina hilo mpaka leo. Jina limewashinda waliolicheka.

Basi mwaka 2019 nikaenda hija Israeli. Tulichanga kwenye kikundi miaka miwili, siku nane. Kwenye uwanja wa ndege dada mmoja mdogo wa uhamiaji akafungua pasipoti yangu akatabasamu, akasema "Dvora", mkazo mwishoni kabisa, dvo-RA, akasema ni jina la bibi yake. Alisema kwa Kiingereza kwamba wasichana wa sasa wengi hawapewi tena, ni jina la mabibi. Mimi nilifurahi sana kuwa na jina la mabibi, sijui kwanini.

Kijana aliyekuwa anatuongoza alikuwa anapenda maswali. Aliniambia kwao Wayahudi waliotokea Ulaya mashariki hawampi mtoto jina la mtu aliye hai, wanasubiri bibi afariki ndo jina lake lirudi, lakini waliotokea Hispania na nchi za Kiarabu wao wanampa mtoto jina la bibi akiwa mzima na bibi anafurahi. Kama sisi hao wa pili. Na jingine, mtu akiitwa kusoma Torati anaitwa kwa jina la baba yake, lakini akiumwa, wakimwombea, wanataja jina la mama. Fulani mwana wa mama fulani. Nilimuuliza kwanini, akasema kwenye shida mtu anarudi kwa aliyemzaa. Nikaandika kwenye daftari.

Tabori wenyewe ni mlima wa duara, umesimama peke yake katikati ya tambarare kama chungu kilichofunikwa, hata mita 600 haufiki. Basi kubwa halipandi, unashushwa chini unaingia kwenye vigari vidogo vinapanda kwa kona kona. Juu kuna kanisa la Kugeuka Sura, limemalizwa 1924, na chini kwenye mteremko kuna kijiji cha Waarabu kinaitwa Daburiyya, ambacho ukikisikia tu unasikia Debora. Nilisimama pale juu nikaangalia bonde la Yezreeli lote, na ndo nikaelewa hadithi ambayo nimeisoma mara mia. Tambarare ile ni udongo mzito. Ukiwa na magari ya chuma wakati wa kiangazi wewe ndo mfalme, lakini wimbo unasema mawingu yalidondosha maji na mto Kishoni ukawazoa. Magari 900 kwenye tope. Watoto wa vijijini Tabora tumeshaona lori la tumbaku limezama masika, sihitaji kuelezwa. Debora aliyewaweka watu wake mlimani alijua alichokuwa anafanya.

Na huyo kijana ndo alinisimulia kuhusu Tel Rehov, upande wa kusini ya Beit She'an, ambako watu wa Chuo Kikuu cha Kiebrania wakiongozwa na Amihai Mazar walichimba na mwaka 2007 wakatangaza wamepata mizinga ya nyuki katikati ya mji wa kale. Karibu miaka 900 kabla ya Kristo. Mizinga kama 30 ilikuwa bado inatambulika na inaonekana ilikuwa zaidi ya 100, mirija ya udongo mbichi uliochanganywa na majani makavu, urefu sentimita 80, upana 40, imelazwa imepangwa juu kwa juu, upande mmoja kitundu kidogo cha nyuki kuingilia na upande mwingine mfuniko wa mrinaji. Nilimwambia asimame. Nikamwambia babu yangu alikuwa na mizinga ya kulaza hivyohivyo, ukubwa ni huohuo, ni gome badala ya udongo. Watu walikuwa wanasema asali ya kwenye Biblia, ile ya nchi ijaayo maziwa na asali, ni sharubati ya tende, na pengine sehemu nyingine ni kweli, lakini hawa watu walikuwa wafugaji wa nyuki. Mwenye kumwita binti yake Nyuki alikuwa anaijua bei ya asali.

Nimerudi nchini nimejaa hadi shingoni. Wiki ya pili nikapanda treni kwenda Tabora, nikaenda kijijini moja kwa moja na simu yangu imejaa picha. Babu alishatangulia muda mrefu. Bibi alikuwa na miaka 84 hivi, macho yana ukungu lakini kichwa kizima.

Nikamsalimia, shikamoo bibi, marahaba mama, umerudi kwa Wayahudi? Nikakaa naye kwenye mkeka nikamwonyesha picha ya Tabori, nikasema bibi, huu ndo mlima wa jina langu. Akaishika simu karibu na uso muda mrefu. Alafu akanirudishia akasema, "nani alikwambia jina lako limetoka mlimani?"

Nikasema si Debora wa Waamuzi bibi.

"Huyo ni wa baba yako. Baba yako anapenda vita. Mimi ndo nilikupa jina, na nilikuita Debola wa Rebeka."

Sikuelewa. Nimesoma Biblia tangu mtoto na sikujua kuna Debora mwingine. Akaniambia nenda ndani kalete kitabu. Biblia yake ya zamani haina jalada, na nilivyofungua Mwanzo 35 ukurasa ule umechakaa kuliko mingine, pembeni pamekuwa peusi kwa kidole. Mstari wa 8. Debora, mlezi wa Rebeka, akafa, akazikwa chini ya Betheli, chini ya mwaloni, na mahali pale pakaitwa Alon-bakuthi. Mwaloni wa kilio. Mstari mmoja, basi, hadithi inaendelea na Yakobo.

Akanisimulia. Baba yangu alipokuwa na miezi minane, kama 1957 hivi, bibi alimwacha kwa mama yake akaenda Tabora mjini kuwa yaya kwenye nyumba ya familia moja, baba wa nyumba yuko reli. Alienda na maziwa yanachuruzika, anajifunga kanga kifuani mpaka yalipokauka. Aliwalea watoto wa pale miaka minne. Mdogo wao alianza kusema akiwa mgongoni kwake, na neno la kwanza alimwita yeye mama, na mwenye nyumba akamwambia mfundishe aseme ayah. "Miaka minne Debola, hawajawahi kuniuliza naitwa nani." Kwenye Uhuru ile familia ikahamishwa. Walimpeleka stesheni awabebee mtoto mpaka kwenye behewa, akamkabidhi kupitia dirishani, mtoto analia ananyoosha mikono, treni ikaondoka, na yeye akatembea nayo mpaka jukwaa likaisha. Hawakuandika barua. Alipofika nyumbani mtoto wake mwenyewe, baba yangu, alikimbilia nyuma ya bibi yake akajificha, hamjui.

Baba alikuwa amekaa pale mlangoni anatusikia. Mzee wa miaka 60 na ushee. Alijua kwamba alilelewa na bibi yake lakini hayo ya dirishani na ya kanga hakuwahi kuyasikia. Alinyanyuka akaenda kuangalia mbuzi na hakurudi mpaka giza.

Bibi akasema, alipojiunga na darasa la kusoma la kina mama kanisani, alikuwa anasoma Mwanzo kidogo kidogo kwa kidole, na siku alipofika pale alidhani amekosea herufi. Akarudia. Mfanyakazi wa nyumbani, na ana jina. Ameliliwa na wenye nyumba. Ana kaburi na mti. "Nikasema mjukuu wangu wa kwanza wa kike ataitwa huyu."

Usiku ule sikulala, nilisoma kwa tochi ya simu. Ukirudi Mwanzo 24, siku Rebeka anaondoka kwao kwenda kuolewa na Isaka, imeandikwa walimpeleka na mlezi wake. Hana jina pale. Ni "mlezi wake". Kiebrania ni meneket, mwenye kunyonyesha. Anapita sura zote zile kimya, pengine aliwashika Esau na Yakobo mikononi, maandiko hayasemi, na anapata jina siku ya kufa. Na angalia hili, kifo cha Rebeka mwenyewe, bibi mkubwa wa ukoo, hakijasimuliwa popote, tunaambiwa tu baadaye mwishoni mwa Mwanzo kwamba alizikwa Makpela. Rashi, yule mfafanuzi mkubwa wa Kiyahudi wa Ufaransa, analeta mapokeo kwamba Yakobo akiwa kwenye msiba wa mlezi ndo akaletewa habari kwamba na mama yake amefariki, kwahiyo kilio kilikuwa cha wawili. Yani mama katajwa chini ya msiba wa yaya. Na yule mtende wa Debora mwamuzi uko kati ya Rama na Betheli, na huu mwaloni uko chini ya Betheli. Jirani. Mamia ya miaka katikati yao, na majina mawili, miti miwili, sehemu moja. Nani ajuaye kama huyo mwamuzi naye hakupewa jina la yaya.

Asubuhi nilimwambia bibi kuhusu nyuki, kwamba babu alifurahia nyuki. Akasema babu yako ndo aliyenikubalia haraka, unajua kwanini? Babu alikuwa anamwambia kwamba nyuki akitoka kwenye sega haendi kutafuta maua siku hiyo. Anaanza kwa kusafisha vyumba, alafu analea, analisha wadogo siku nyingi, ndo baadaye anakuja kuwa mlinzi mlangoni na kwenda maua. Hilo ni kweli, hata mafunzo ya ufugaji nyuki ya siku hizi wanawaita nyuki walezi, na wote ni majike. Wale wanaokuuma walishalea kwanza. Mimi nilianzia mlangoni, kwenye kuuma.

Bibi alifariki 2021. Tulimzika nyuma ya nyumba karibu na mwembe alioupanda yeye, na baba ndiye aliyesoma, akasoma Mwanzo 35:8, sauti ikakatika, nikammalizia.

Lakini nirudi 2019, siku niliyofika Dodoma kutoka kwa bibi. Kwangu nilikuwa na msichana wa kazi, miaka mitatu yuko na sisi. Watoto wanamwita dada. Mume wangu anamwita dada. Kwenye simu yangu nimemseivu Dada Nyumbani. Nilikuwa simpigi wala simnyimi chakula na kwa hilo nilijiona mtu mwema, lakini nilikuwa namfokea, sana, ile sauti yangu ya vikaoni nilikuwa naitumia jikoni kwa mtu ambaye hawezi kunijibu. Mimi, katibu, mtetezi, Debora. Jina lake la kwanza nilikuwa nalijua. La pili nililiona mara moja kwenye kitambulisho nikalisahau.

Nilimkuta anachambua mchele kwenye ungo. Nikasema naomba niambie jina lako lote, na nani alikupa. Akaweka ungo chini taratibu, akasimama, akafuta mikono kwenye kanga, akasema, "mama, nimekosea nini?"

Alidhani namfukuza. Nikashindwa hata kuongea. Nikavuta kigoda nikakaa, nikauchukua ule ungo nikaanza kuchambua mimi, na nikamwambia hujakosea, nataka kujua tu. Akasimama bado kidogo. Alafu akakaa. Jina lake sitaliandika hapa, ni lake, siyo la Kiebrania, ni la kwao, la bibi yake mzaa mama aliyekuwa anafinyanga vyungu, na ndani yake kuna habari ya mwaka wa njaa na ya mtoto aliyetangulia. Mchele ulikuwa kilo tatu. Tuliumaliza kuuchambua, na yeye alikuwa bado hajafika hata kwenye kuzaliwa kwake.